Si Tulipatana?

Kuna neno moja ambalo kila mtu wa Lubumbashi amelisikia jioni ya siku ya malipo, na wengi wetu tumelisema wenyewe: "Si tulipatana?" Neno hilo hulisema mwenye kulipa. Anayelipwa huzitazama franka zilizo mkononi mwake, na mwisho hujibu, "Ndiyo, tulipatana." Kisha kila mmoja hushika njia yake, na kesi imekwisha kabla haijafunguliwa. Leo nataka tuifungue, maana naona tumezoea kuifunga upesi mno.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilihitaji shimo la choo nyuma ya nyumba yangu. Asubuhi nikaenda mahali ambapo vijana husimama na majembe na sururu, wakingoja mtu wa kuwaita. Walikuwa kama kumi. Kijana wa kwanza alitaja bei. Mimi sikujibu neno. Niliwatazama tu wenzake waliosimama nyuma yake. Mtazamo huo ulitosha. Akaipunguza bei mara moja, akaipunguza mara ya pili, wala mimi sijafungua kinywa. Nilifurahi moyoni, nikajiona mtu mwerevu. Alichimba siku mbili katika udongo ule mwekundu tunaoujua sisi sote, unaonata wakati wa mvua na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi. Jioni ya pili nikamlipa yote, bila kukata hata franka moja. Ndipo akauliza kama kuna bukari iliyobaki jikoni, aipeleke nyumbani. Nikamwuliza nyumbani ni wapi. Akasema Kasungami. Alikuwa amekuja kwa miguu siku zote mbili na kurudi kwa miguu, kwa sababu nauli ya gari ingalikula sehemu kubwa ya mshahara wake.

Sikumwibia. Sikumdanganya. Nililipa siku ile ile kazi ilipokwisha, kama sheria ya Musa inavyoagiza kwamba ujira wa kibarua usilale nyumbani kwa bwana wake. Tena tulipatana. Mbona basi usiku ule sikuwa na raha?

Tufikiri kwanza mapatano ni nini. Watu wawili wakipatana bei ya mbuzi, kila mmoja anaweza kwenda zake. Mwenye mbuzi akiona bei ni ndogo, humrudisha mbuzi nyumbani, ale majani mpaka siku nyingine ya soko. Lakini mtu aliye na mikono tu, asipoiuza kazi ya leo, kazi ya leo imepotea. Kesho hawezi kuuza siku mbili kwa pamoja. Wala tumbo la mtoto halijui kungoja. Mimi ningaliweza kukaa mwezi mzima bila shimo langu. Yeye hakuweza kukaa mpaka jioni bila kazi. Kwa hiyo tulipokuwa tukipatana, mimi nilikuwa nimeketi na yeye alikuwa amebanwa shingo. Ni kweli kwamba si mimi niliyembana. Lakini nilimwona amebanwa, nikaona faida yangu hapo hapo.

Papa Leo XIII aliligusa jambo hili katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891. Siku zile mabwana wa viwanda vya Ulaya walisema kwamba mshahara ukishapatanwa kwa hiari na kulipwa, haki imetimia. Papa hakukubali. Alifundisha kwamba iko haki iliyotangulia mapatano, nayo ni kwamba mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mfanya kazi mwenye mwenendo mwema. Na mtu akikubali masharti mabaya kwa kulazimishwa na shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, huyo amedhulumiwa, ijapokuwa alikubali kwa kinywa chake. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1931, Pius XI akaongeza kwamba mshahara utoshe na jamaa ya mfanya kazi pia, si tumbo lake peke yake.

Najua wapo watakaonijibu kwa Injili. Watasema: je, yule mwenye shamba la mizabibu hakumwambia kibarua mnung'unikaji kwamba walipatana dinari moja? Nimelisikia jibu hilo mara nyingi, hasa kwa watu ambao siku nyingine hawapendi kutaja Injili. Lakini wauisome mfano wote. Dinari ilikuwa ujira wa siku moja. Na mwenye shamba alimpa nani dinari nzima? Alimpa hata yule aliyefanya kazi saa moja tu, aliyeshinda sokoni kwa kuwa hakuna aliyemwajiri. Tena na hawa wa mwisho hakupatana nao bei. Kama angalitaka kufanya nilivyofanya mimi, angaliwatazama tu, na wangalikubali robo ya dinari kwa shukrani. Nasadiki kwamba mfano huo una maana ya juu kuliko mambo ya mishahara, wala sitaki kuugeuza kuwa sheria ya kazi. Nasema tu kwamba anayeukimbilia ili apate kulipa kidogo amekimbilia mahali pabaya.

Sasa tuutazame mji wetu, maana katika Kongo yote sijui mahali pengine ambapo swali hili limeulizwa kwa muda mrefu namna hii.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu, ilizaliwa mwaka 1910 pamoja na reli na tanuru za shaba. Katika miaka ya kwanza kampuni ilikuwa na shida kubwa ya watu. Waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Lomami na Kasai, na baadaye hata kutoka Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka, na kuwatafuta wengine kuligharimu fedha nyingi. Ndipo kampuni ikageuza njia. Kuanzia mwaka 1928 ilipenda watu wafanye mkataba wa miaka 3, waoe, wakae kambini na wake zao. Ikawapa nyumba, hospitali na shule, na shule za kambi ziliwekwa mikononi mwa wamisionari Wabenediktini. Ikagawa posho kila juma: unga, maharage, samaki, nyama, mafuta, na posho ilipimwa kwa hesabu ya mke na watoto. Mwenye watoto watano alipata kuliko mwenye wawili.

Ndugu msomaji, litazame jambo hili kwa makini, kwa sababu lina pande mbili. Upande mmoja, hapa palikuwa na kitu kinachofanana sana na mshahara wa jamaa ambao Papa aliufundisha: mtoto alihesabiwa. Wazee waliokulia kambini wanalikumbuka jambo hilo mpaka leo, na mtu asiwacheke. Upande wa pili, kampuni haikuanza kuwahesabu watoto kwa kuwapenda. Ilianza kwa sababu watu walikuwa adimu, na mtu adimu hutunzwa. Tena ilitunza kama mwenye mali atunzavyo. Mkuu wa kambi, ambaye watu walimwita Changachanga, aliweza kuingilia mambo ya nyumba ya mtu, kujua ni nani amelala mle, na kumwondoa mgeni. Watu walisema kwamba Union Minière ndiyo baba na ndiyo mama. Lilikuwa neno la sifa. Lakini mtu mzima aliye na baba wa namna hiyo hana ruhusa ya kusema.

Hilo lilionekana mwezi wa Desemba 1941. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei za vitu madukani, na mishahara ilibaki nyuma. Wafanya kazi waligoma, wakadai nyongeza. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Watu makumi kadhaa walikufa. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu hazikupatana kamwe. Hata sisi Wakristo yafaa tukumbuke kwamba Misioni ya Katanga wakati ule ilikuwa karibu sana na kampuni. Barua ya Leo XIII ilikuwa imetimiza miaka 50 mwaka ule ule.

Mengine nayapita upesi, kwa kuwa wengi wenu mliyaishi. Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi, nasi tukaja kuizoea Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na mtoto wa mfanya kazi alizaliwa hospitali ya kampuni na kusoma shule ya kampuni. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Fujo na ulaji wa mali vilikuwa vimekwisha kuubomoa kabla ya mawe. Miaka kumi baadaye wafanya kazi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya watu 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Kwa hiari! Baba wa familia ambaye hajalipwa kwa miezi na miezi anawekewa fedha mezani, anaambiwa atie sahihi akipenda. Alipatana, bila shaka. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kutoa kitabu mwaka 2001 juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na kila mtu wa mji huu alifahamu baba huyo ni nani.

Sheria mpya ya madini ilitoka mwaka 2002, na kampuni za nje zikaja. Leo shaba inatoka kuliko wakati wowote: mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2 na nusu, mara tano ya miaka bora ya Gécamines. Malori yanapita usiku na mchana kwenda Kasumbalesa. Hoteli na majumba yanasimama mjini. Vijana wanatoka Kasai na kila upande kuja kutafuta kazi. Je, mshahara umeongezeka mara tano?

Hapa lazima nieleze jinsi kazi inavyotolewa sasa. Mgodi wenyewe huajiri sehemu ya watu. Wengine huchukuliwa na kampuni za kati, ambazo mjini tunaziita kwa neno la Kifaransa sutretansi. Mgodi huilipa kampuni ya kati kwa kazi fulani, au kwa hesabu ya watu. Kampuni hiyo hukata sehemu yake, na inayobaki humfikia mfanya kazi. Watu wawili huendesha mashine za namna moja katika shimo moja, lakini mmoja ana matibabu ya watoto na mkataba wa kudumu, na mwingine ana mkataba wa miezi michache. Akiuliza habari za mshahara, mgodi humwambia: sisi hatukukuajiri. Kampuni ya kati humwambia: sisi tunalipa kadiri mgodi unavyotulipa. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi walichungulia migodi mitano mikubwa, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya wafanya kazi walikuwa chini ya kampuni za kati. Walipiga hesabu pia kwamba mtu wa Kolwezi alihitaji kama dola 402 kwa mwezi ili jamaa yake iishi kwa heshima, nao wengi walipata chini ya hapo. Sheria ya Februari 2017 ilitaka kampuni za kati ziwe mikononi mwa Wakongo. Ni vizuri. Lakini mkono unaokata mshahara ukiwa wa ndugu yangu, mshahara haukatwi kidogo kwa ajili hiyo.

Iko pia sheria ya mshahara wa chini. Mwaka 2018 uliwekwa franka 7,075 kwa siku. Kwa siku 26 ni franka 183,950, ambazo siku zile zilikuwa karibu dola 115. Sheria haikuguswa, ila franka iliendelea kushuka. Kufika mwaka 2024 fedha ile ile ilikuwa karibu dola 65. Mtu alifanya kazi ile ile, alitia sahihi mkataba ule ule, na mshahara wake ukapungua karibu nusu bila mtu kumwambia neno. Mwaka 2025 serikali iliupandisha hadi franka 14,500 na kuagiza upande tena mwaka 2026. Hapo twaona tena kwamba mapatano hayatoshi: waliopatana mwaka 2018 walipatana unga wa mahindi na makala na karo ya shule, lakini karatasi iliandika franka tu.

Mwenye kuajiri naye asikilizwe, maana ana neno la kweli. Husema: "Nikilipa zaidi, nitaajiri wachache. Afadhali kumi wale kidogo kuliko watano washibe." Pius XI mwenyewe alisema hali ya kazi iangaliwe, na kwamba si haki kudai mshahara utakaoiangusha. Mwenye duka dogo katika soko la Kenya, au fundi seremala wa Katuba mwenye vijana wawili, aweza kulisema neno hilo bila kuona haya. Lakini Papa huyo huyo aliongeza sharti: kama faida ni ndogo kwa sababu ya uvivu wa bwana au uongozi mbaya, hiyo si sababu ya kupunguza mshahara. Nami naongeza swali la mtu wa kawaida: fundi wa Katuba anayelia hasara, je, yeye mwenyewe anakula nini? Akila sombe na bukari kama vijana wake, tumsadiki. Mgodi unaosema hauwezi, wakati bei ya shaba inasomwa London kila siku na ulimwengu wote unaiona, una kazi kubwa zaidi ya kutusadikisha.

Mpaka hapa nadhani wengi mnakubaliana nami. Kuwalaumu wenye migodi ni rahisi. Hawasomi gazeti hili. Basi turudi nyumbani kwetu.

Nani katika parokia hana mtu anayemfanyia kazi? Yuko msichana anayefua na kulea mtoto. Yuko mlinzi wa usiku kwenye lango. Yuko kijana anayebeba maji, na mama anayeuza mikate yetu kwa kulipwa kidogo juu ya kila mkate. Ukimwuliza mwenye nyumba mshahara wa msichana ni kiasi gani, mara nyingi hatataja fedha kwanza. Atasema: "Huyu ni kama mtoto wetu. Anakula kwetu, analala kwetu, tunampa nguo." Sisemi kwamba anadanganya. Lakini lisikilizeni neno hilo. Ni lile lile la Union Minière: mimi ni baba, mimi ni mama. Nguo zilizochakaa zinahesabiwa kuwa mshahara, na chakula pia, na kitanda cha jikoni pia. Mtoto wa nyumba akivunja sahani hukaripiwa. "Mtoto" huyu akivunja sahani hukatwa fedha. Mtoto wa nyumba huuliza nyongeza ya mboga, huyu hathubutu. Na akiondoka, tunasema hana shukrani, kama mabwana walivyosema mwaka 1941.

Wengine hunijibu: mimi mwenyewe ni mwalimu, mshahara wangu unachelewa, nitampa nini? Ni swali la haki, na sina jibu moja kwa nyumba zote. Lakini asiyeweza kumlipa mlinzi apate kula na kumlisha mke wake, huenda hana haki ya kuwa na mlinzi. Alinde mwenyewe, au wenye nyumba wanne washirikiane mlinzi mmoja na kumlipa vema. Kwa upande wangu napendelea kuuliza mambo mawili kabla ya kusema tulipatana. Je, mtu huyu angaliweza kukataa? Na je, anachopata kwa siku kinalisha nyumba yake siku hiyo? La kwanza likijibiwa "hapana", basi la pili ni juu yangu kulichungua, kwa kuwa yeye hawezi kulisema.

Mwaka uliofuata nilihitaji mtu wa kufukua mfereji kabla ya mvua. Nilimtafuta yule kijana wa Kasungami, nikampata mahali pale pale. Safari hii nikamwambia ataje mwenyewe bei anayoiona inafaa. Alifikiri kidogo, akawatazama wenzake waliokuwa nyuma yake, akataja bei ambayo ilikuwa chini kuliko ile niliyokuwa tayari kulipa. Nikamwambia, "Ongeza." Akanyamaza. Nikamwambia tena aongeze, na nauli ihesabiwe juu. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayetegewa mtego, akauliza, "Bwana, ni kazi gani nyingine unayotaka niifanye?"